Mama Ameambiwa Ana Upepo

Mama alipoletwa kwangu Ifakara alikuja na begi moja la nguo, jogoo aliyefungwa miguu, na miguu yake mwenyewe iliyokuwa inawaka moto. Kuwaka moto ni maneno yake. Mchana angeweza kukaa na kusema hajambo, lakini jioni ikikaribia alivua ndala na kuanza kutafuta sakafu yenye ubaridi. Akikanyaga mahali pakapata joto, anahamia pengine. Nilikuwa nikirudi kutoka shuleni ninakofundisha namkuta ameshaimaliza sebule, yuko koridoni anaelekea bafuni.

Na si miguu tu. Magoti yalimuuma, kiuno kilimuuma, mabega nayo hayakutaka kubaki nyuma. Mwanamke aliyeinama kwenye majaruba ya mpunga tangu akiwa msichana hawezi kuzeeka na kiuno kizima, hilo nilijua. Hospitali tulikwenda kwanza. Wakampima sukari, haikuwepo. Wakampima damu, wakamgonga magoti kwa kinyundo, wakasema ni mishipa ya fahamu pamoja na umri na kazi nzito, wakampa vidonge na tarehe ya kurudi. Mama alivimeza bila kukosa. Alisema ni vidonge vizuri, ila vinaishia magotini, havijui njia ya kufika chini.

Kilichotutia haraka ni kaka yangu. Yeye ndiye mzaliwa wa kwanza, anaishi Dar es Salaam, na tangu baba afariki amekuwa akiongea na sisi kwenye simu kama anaendesha mkutano. Aliamua hivi: kama mpunga utaanza kutoa masuke na miguu ya mama bado inawaka, basi mama harudi tena shamba. Mtu wa kulichukua lile shamba alikuwa ameshampata.

Anayejua Namawala, kijijini kwa mama, anaelewa uzito wa maneno hayo. Mpunga ukishatoa masuke lazima mtu ahamie shambani akaamie, yaani akae juu ya dungu, kile kichanja cha miti, afukuze kwelea, wale ndege wala nafaka, kuanzia alfajiri mpaka jua lizame. Mama amefanya hivyo kila mwaka tangu aolewe. Ametulea juu ya lile dungu. Kwa kaka, kumtoa huko ilikuwa busara ya mtoto anayejali. Kwa mama ilikuwa hukumu. Hakulalamika, aliniambia tu siku moja tukichambua mchicha kwamba mjini atakufa, na kitakachomuua ni kukaa.

Kwa hiyo nikaanza kuulizia dawa. Mwalimu mwenzangu aliposema mama yake alipata nafuu kwa Ayuveda, nilimuuliza huyo Ayuveda anakaa mtaa gani. Alicheka mpaka akaegemea ubao. Kumbe ni tiba ya Kihindi, ya tangu zama za mababu wa mababu zao, na kuna kijana wa upande wa Mahenge aliyekwenda India kuisomea, akarudi akafungua chumba karibu na soko, katikati ya duka la spea za baiskeli na saluni. Nilinuna siku nzima kwa kuchekwa, ila Jumatatu iliyofuata nilimpakia mama kwenye bajaji tukaenda.

Daktari mwenyewe alikuwa na adabu zake. Alimwamkia mama shikamoo kwa kuinama, akauliza habari za nyumbani, na mama alipogundua kwamba anawafahamu ndugu wa bibi wa yule kijana, waliongea Kipogoro mpaka nikaanza kukohoa. Kisha akamshika mama mkono na kuweka vidole vitatu kwenye mshipa, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba mama alinitazama kuniuliza kama amelala. Akamwomba atoe ulimi. Mama akautoa kidogo sana, kwa heshima. Hapo mambo yalikuwa bado mazuri.

Yalianza kuharibika alipouliza habari za choo. Anapata mara ngapi, kigumu au laini, rangi gani. Mama alijiweka sawa kitenge chake, akamwambia kwa upole kwamba yeye amekuja kwa ajili ya miguu. Yule kijana akaeleza kuwa kwenye tiba yao yote yanahusiana. Mama akasema kwake havihusiani, miguu iko huku na choo kiko kule. Mwishowe nikajibu mimi, kwa kubahatisha, na mama hakuniangalia tena mpaka tukatoka.

Alipomaliza maswali yake, daktari alitueleza kwa Kiswahili cha taratibu, cha mtu anayetafsiri kichwani. Alisema mwili unaongozwa na vitu vitatu: upepo, moto na ute. Vikiwa sawasawa mtu ni mzima, kimoja kikizidi anaumwa. Halafu akamgeukia mama.

"Mama, wewe una upepo umezidi. Umeingia kwenye viungo, ndiyo maana unaumwa mwili. Na huo upepo sasa unachochea moto, ndiyo maana miguu inawaka."

Mimi nilitikisa kichwa kukubali. Niliona ni maelezo mazuri, yamepangwa vizuri. Mama aliivuta miguu yake chini ya kiti. Nami ni mwalimu wa Kiswahili, nafundisha watoto kwamba neno moja linaweza kuwa na maana zaidi ya moja, na nilikaa pale kama gogo wala sikusikia kitu.

Kabla hatujaondoka, yule kijana aliomba anishike na mimi mshipa, kwa nia njema tu. Akafumba macho, akayafumbua haraka. Alisema mwenye moto hasa ni mimi. Akaniuliza kama huwa nakasirika upesi. Nikamuuliza nani amemwambia. Nilimuuliza kwa sauti ambayo hata wa saluni walinyamaza, na daktari akaandika kitu bila kunijibu. Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Tulirudi na masharti. Pilipili marufuku, ukwaju marufuku, vya kukaanga marufuku, samaki wa moshi wenye chumvi marufuku. Kumwambia mtu wa bonde la Kilombero asile kambale mkavu ni kutafuta ugomvi, lakini mama alikubali akimkumbuka kaka. Alitakiwa anywe maji yaliyolowekwa mbegu za giligilani usiku kucha, ale matango, ale mboga za tui la nazi, na chakula chake kikuu kiwe wali. Hilo la wali lilimkera kuliko yote. Alitaka kujua kama ni kweli mtu anaweza kwenda kusoma mpaka India ili arudi kumwandikia mkulima wa mpunga wali.

Viungo vipakwe mafuta ya ufuta ya uvuguvugu kila asubuhi. Nyayo zipakwe samli jioni, zisuguliwe polepole kwa kitako cha bakuli la shaba. Bakuli la shaba sina, nikatumia kikombe cha bati, nikaomba Mungu wa Wahindi asichungulie. Samli nilinunua sokoni kwa mama mmoja wa Kisukuma anayefuga. Mama alipojua inakotoka alikunja uso, maana mwaka juzi ng'ombe waliingia shambani kwake wakaacha mabua. Alifikiri kidogo, akanyoosha miguu.

"Paka," akasema. "Mpunga wangu ndio uliogeuka samli."

Nikawa nampaka kila jioni. Sikuwahi kuishika miguu ya mama yangu kabla ya hapo. Vidole vimeachana kwa kukanyaga tope, visigino vina mipasuko ambayo samli ilizama humo isionekane tena, na kwenye ukano wa kisigino kuna kovu la jembe ambalo sikulijua. Nilimpenda mama yangu jioni zile kwa namna iliyonitia hasira, na sikujua hasira hiyo niielekeze kwa nani, kwa hiyo nikawa nawafokea majirani wanaofungulia muziki.

Nilichokuwa sijui ni kwamba mama alikuwa anabeba mzigo mwingine. Siku kadhaa alikuwa anasali rozari kuliko kawaida, na jina la baba akilitajataja. Nikadhani ni mambo ya uzee. Kumbe jambo lilikuwa hili: mama ni mama wa jumuiya ya kanisani, Mkatoliki wa ndoa na kipaimara, na ameambiwa mbele ya binti yake kwamba ana upepo. Kwetu mtu akiambiwa ana upepo hafikirii hewa. Anafikiria pepo, jini, kitu kilichotumwa au kilichookotwa njia panda. Kijana wa watu alikuwa amezungumzia mwili, mama akasikia habari za shetani, tena shetani aliyeingia viungoni na kuchochea moto miguuni kama alivyoelezwa.

Jumamosi nilikuwa na masomo ya ziada ya darasa la saba. Nilirudi saa sita hivi, na nilipokata kona ya nyumba yangu nikaona ndala. Ndala, raba, viatu vya plastiki, zimejaa barazani mpaka kwenye ngazi, na baiskeli zimeegemezwa ukutani. Ndani watu wanaimba wimbo wa polepole. Mtu yeyote akikuta viatu vingi kiasi hicho mlangoni kwake wakati ameacha mgonjwa ndani, anajua kilichotokea. Nilidondosha madaftari ya watoto nikapiga yowe. Nililia kilio chote cha msiba, nikimwita mama, nikimuuliza ananiacha na nani.

Wimbo ulikatika. Mlango ukafunguliwa, na nikamwona mama yangu amekaa kwenye kochi, mzima, ana kikombe cha maji ya giligilani mkononi, ananishangaa. Kilio hakikuweza kusimama mara moja, kilikuwa kimeshashika kasi. Na mimi nikamgeuzia hasira hapo hapo, kwa nini yuko hai na viatu vyote hivi viko nje.

Ukiitazama kwa macho ya waliokuwa ndani, huwezi kuwalaumu. Walikuwa watu wa jumuiya ya mtaa wetu, mama amewaita wamwombee upepo umtoke. Walikuwa wamefika pale pa kuuamuru uondoke. Na sekunde hiyo hiyo binti wa mgonjwa, aliyekuwa mzima asubuhi, anasikika nje anapiga yowe, kisha anaingia anabubujika na kumgombeza mama yake kwa kuwa hai. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mnene ninayemheshimu, mteja mwenzangu wa fundi cherehani mmoja, alinifuata akaniwekea viganja vyote viwili kichwani.

"Sema jina lako," akaniamuru.

Nikamtajia jina langu.

"Si lako. La huyo aliyemo."

Nikamwambia aliyemo ni mwalimu wa Kiswahili na kwamba anione vizuri, tulikutana juzi kwa fundi. Akakaza mikono. Nikasema waniachie, mama hana tatizo lolote la roho, ana upepo tu, mimi ndiye mwenye moto, daktari ameshasema. Hiyo haikusaidia. Akina mama walirudi nyuma kwa pamoja, na mmoja akaanza litania. Katekista, mzee mkimya mwenye soksi za kahawia, alikuwa na chupa ya maji ya baraka na mpaka wakati huo alikuwa ameitumia kwa kiasi. Sasa aliifungua kabisa akanimwagia. Maji yaliingia mpaka ndani ya blauzi.

Sijui kama ni baridi ya maji au ni aibu, nilitulia. Wakasema haleluya. Na katika utulivu ule ndipo nilipolisikia lile neno kwa mara ya kwanza. Upepo. Nikamtazama mama, naye akanitazama kwa huruma sana, huruma ya mtu aliyemwambukiza mwanawe ugonjwa, na nikaelewa kwamba siku zote hizo mama yangu alikuwa anaogopa peke yake ndani ya nyumba yangu.

Nilimpigia daktari simu nikiwa bado nadondosha maji. Alikuja na bodaboda mara moja, nafikiri sauti yangu ilimtisha. Alisimama katikati ya sebule akawasalimu tumsifu Yesu Kristo, wakamjibu milele amina wakiwa wamekunja nyuso. Akaeleza. Upepo aliosema si pepo wala jini. Ni ule unaotembeza vitu mwilini, unaofanya damu iende na tumbo lisage. Mtu akizeeka, au akifanya kazi ngumu kwenye maji miaka mingi, unazidi, unakausha viungo. Hauna jina na haujatumwa na mtu.

Kisha bibi mmoja wa pembeni akauliza kama anamaanisha gesi.

Nilimwona yule kijana anaipima miaka yake ya masomo, vitabu vyake, lugha aliyojifunza ukubwani. Akashusha pumzi.

"Tuseme ni gesi," akajibu.

Sebule nzima ikalegea. Gesi! Kila mtu ana gesi. Kwa nini hakusema hivyo tangu mwanzo, akawaacha watu wafunge na kusali? Mama aliweka kikombe chini akaficha uso kwenye kitenge, mabega yakawa yanatikisika, na nilipomsogelea nikidhani analia nikakuta anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mwenyekiti alinipangusa maji kwa khanga yake bila kuniomba radhi, akisema maji ya baraka hayapotei bure, na kwangu mimi, kwa tabia nilizo nazo, yalikuwa ni akiba.

Baada ya hapo hakuna aliyeondoka. Bibi wa gesi alimwonyesha daktari nyayo zake, akasema nazo huwaka. Wa pili akasema zake huwaka na kuchoma kama sindano. Wote ni wakulima wa mpunga, wote wameshinda ndani ya maji maisha yao yote, na kila mmoja alidhani ni yake peke yake. Wa mwisho alikuwa katekista. Alizunguka nyuma ya kochi kwa staha akavua zile soksi. Daktari aliwaambia wote kitu kimoja, waende kwanza hospitali wapimwe sukari ndipo waje kwake, na wakaanza kubishana siku gani waende pamoja.

Basi tukaendelea na ufuta na samli, na vidonge vya hospitali pia, kwa sababu daktari hakutaka viachwe. Mama akaanza kulala. Sitasema amepona, maana hakupona. Maumivu ya mwili yalipungua, magoti yakaacha kulia anapoinuka, na miguu ikawa inawaka kidogo jioni badala ya kuwaka sana. Sijui ni samli, ni wali, ni vidonge, au ni kule kushikwa miguu kila siku na mtu. Daktari naye nilipomuuliza alisema hajui, na ndipo nilipoanza kumwamini.

Kisha habari zikaja kutoka Namawala kwamba mpunga umeanza kutoa masuke, na kaka akaja.

Alifika Jumapili na suruali yake ya safari. Alikula, akasifu wali, akafuta mdomo, akamuuliza mama kama miguu bado inawaka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni. Nilikuwa tayari kudanganya, uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi, amepona kabisa kaka, hata wewe mwangalie. Nilimkonyeza mama aniachie nijibu. Mama hakuniangalia.

"Inawaka," akasema. "Imepungua, ila inawaka."

Kaka akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, maana si mtu mbaya. Akasema basi ni kama tulivyokubaliana. Yule mtu wa shamba angeanza kesho. Mama atulie mjini, apumzike, amefanya kazi ya kutosha. Moto wangu ulipanda kutoka tumboni, nikauona kabisa unavyokuja, kama daktari alivyoeleza. Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi, na hakupandisha sauti.

"Mwanangu, mimi nilikuwa natafuta dawa ya miguu. Ruhusa sikutafuta."

Kaka alinitazama mimi, kana kwamba nimemfundisha mama maneno hayo. Kisha akatazama chini, kwenye miguu ile iliyonyooshwa mkekani, akaitazama muda mrefu. Hakusema tena habari za yule mtu. Jioni nilimwona ametoka uani kuongea na simu, anaomba samahani kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo.

Mama aliondoka Jumanne. Nilimfungia mafuta ya ufuta na samli, nikamwambia asisahau kujipaka, nikarudia tena na tena mpaka dereva wa bodaboda akacheka. Nyumba ikawa na sakafu ambayo hakuna mtu anayeitafuta. Nilikaa siku kadhaa nikijizuia, halafu nikapiga simu mchana, wakati wa mapumziko, nikiwa nimesimama nyuma ya madarasa ambako mtandao unashika. Aliipokea akiwa anahema. Nikamuuliza kuhusu kiuno, akasema kipo. Nikamuuliza kuhusu miguu.

"Inawaka," akajibu, "ngoja kwanza, kwelea hao wameingia." Na akakata simu.